Anza na mitungi, bawa litafuata

Swali limetoka kwa msomaji wa Nungwi, divemasta, yaani kiongozi wa wapiga mbizi wanaozamia na mitungi ya hewa, mwenye miaka sita kazini. Mgeni aliyekaa kisiwani miaka mitatu anarudi kwao Ujerumani na anataka kumwachia seti yake kwa bei ya kirafiki. Kuna mitungi miwili ya chuma ya lita 12 iliyounganishwa juu kwa manifoldi (bomba lenye koki linalopitisha hewa kati yake), bamba la mgongoni la chuma cha pua, na bawa (mfuko wa mgongoni unaojazwa hewa ili mzamiaji asizame) lenye mifuko miwili ya ndani, kilo 45 za kunyanyua, lililozungushiwa kamba za mpira. Msomaji huvaa wetisuti (nguo ya mpira ya kuzamia) ya milimita 5 msimu wa kusi na ile fupi ya milimita 3 msimu wa kaskazi. Ana BCD ya jaketi (kizibao kinachojazwa hewa ili kuelea) anayoipenda. Anauliza: "Nichukue seti nzima, au nichukue mitungi tu niifunge kwenye jaketi langu? Nataka kufika Pegasus, na baadaye kuta za Pemba." Pegasus ni meli ya kivita iliyozama karibu na Unguja; kuta ni miamba inayoshuka wima baharini.

Ndugu yangu, la jaketi tulimalize mapema. Usifunge. Si kwamba halina nguvu ya kunyanyua. Majaketi mengi yanafika kilo 15 au 18, na utaona kwenye hesabu kwamba kiasi hicho kingetosha kwa mitungi ya namna fulani. Tatizo ni namna linavyoshika. Jaketi limeshonwa kukumbatia mtungi mmoja kwa mkanda mmoja au miwili. Mitungi pacha inashikwa na bolti mbili zinazopita katikati ya bendi (pete za chuma zinazoikumbatia), zikaingia kwenye bamba na kukazwa kwa nati za masikio. Ukijaribu kuifunga kwa mikanda itacheza kushoto na kulia kila unapogeuka, na kilo 40 zikianza kucheza mgongoni hazikuombi ruhusa. Tena hewa ya jaketi hukaa mbavuni na tumboni wakati uzito wako wote uko mgongoni. Kitabu cha mafunzo hakihitajiki kukuambia maji yatakugeuza upande gani.

Sasa tuje kwenye swali ambalo hukuliuliza, na ndilo kubwa. Watu wengi huanza na bawa: lipi, kilo ngapi, mfuko mmoja au miwili. Bawa ni la mwisho kuchaguliwa. Linalotangulia ni mitungi na nguo unayovaa, kwa sababu hizo mbili ndizo zinazoamua utakuwa mzito kiasi gani chini, na bawa kazi yake ni kufidia uzito huo tu.

Chukua karatasi. Namba nitakazokupa ni za kukadiria, maana mitungi hutofautiana kwa kiwanda, lakini zinatosha kuona njia.

Mitungi yako miwili ya chuma ikijazwa hewa hadi presha ya bar 200, ndani ya maji ya chumvi inakuwa mizito kwa kilo 7 hivi. Manifoldi na bendi ongeza kilo 2. Bamba la chuma cha pua kilo 2 na nusu. Regyuleta mbili (vifaa vya kuvutia hewa), mipira yake na taa, kilo moja na nusu. Jumla kilo 13 zinakuvuta chini. Wetisuti ya milimita 5 juu ya maji inakunyanyua kama kilo 4, lakini ukifika mita 40 presha ni mara tano ya ile ya juu, mapovu ya ndani ya nguo yamekandamizwa, na ile nguo imebaki na kilo moja tu ya kukusaidia. Kwa hiyo ukitua kwenye sitaha ya Pegasus una kilo 12 za kuvutwa chini, na bado hujafunga hata kipande kimoja cha risasi cha kuongeza uzito kiunoni.

Kilo 12 bawa linazibeba bila jasho. Lakini siku bawa lisipofanya kazi, utazibeba na nini?

Wenzetu wa bahari ya baridi wana jibu. Wanavaa draisuti, nguo kavu inayojazwa hewa, ikawa bawa la pili. Mitungi ya chuma ilipendwa huko kwa sababu hiyo: draisuti na nguo nzito za ndani zinaelea sana, na chuma kinawapunguzia mzigo wa risasi. Mgeni wako amekuja na seti iliyokuwa sahihi kwao. Wewe unazamia kwenye maji ya nyuzi 25 hadi 29 na nguo nyembamba. Uzito uleule uliomsaidia yeye, kwako ni deni lisilo na mdhamini.

Na angalia mwisho wa mzamio. Umebakiza bar 40, umesimama mita 5 unasubiri. Umetumia gesi ya kilo 4 na nusu hivi, nguo imerudisha kilo 3. Bado una kilo 5 na nusu za ziada, kwa hiyo mfuko una lita 5 na nusu za hewa wakati ambapo ungepaswa kuwa karibu mtupu. Hewa hiyo hupanuka na kunywea kila wimbi linapopita juu yako, na kule Pemba siku ya bamvua utatumia dakika zako zote za kusimama kubonyeza vitufe. Ukivaa ile nguo fupi ya kaskazi, ongeza kilo mbili nyingine.

Rudia hesabu na mitungi miwili ya alumini, ile ya lita 11.1 iliyojaa kwenye kila kituo kuanzia Diani hadi Mafia. Ikiwa na bar 200, yote miwili inavuta chini kilo moja na nusu tu. Manifoldi na bendi 2, bamba la chuma cha pua 2 na nusu, regyuleta moja na nusu: jumla 7 na nusu. Toa kilo moja ya nguo kwenye mita 40, umebaki na 6 na nusu, yaani nusu ya ule mzigo wa kwanza. Halafu ukirudi mita 5 na bar 40, umepoteza gesi ya kilo 4 na robo, nguo imerudisha 3, na namba zinakaribia sufuri. Huhitaji risasi. Bamba limechukua nafasi ya mkanda wa uzito. Kaskazi ikiingia na ukavaa ile fupi, unabadilisha bamba tu, unaweka la alumini ambalo ni jepesi kwa kilo 2 majini, na hesabu inarudi palepale.

Najua utakachosema: chuma kinabeba gesi nyingi zaidi. Kinabeba, kama utakuta mtu wa kukujazia bar 232. Kompresa nyingi za huku zinazimwa kwenye 200, kwa sababu mitungi yote ya kituo ni ya alumini. Kwa bar 200, chuma chako kina lita 4,800 na alumini ina lita 4,440. Tofauti ni lita 360. Kwa mtu anayevuta lita 18 kwa dakika akiwa juu, hizo ni dakika 5 kwenye mita 30, au 4 kwenye mita 40. Kwa dakika hizo unabeba kilo 5 na nusu za ziada kutoka mwanzo hadi mwisho. Mimi sioni biashara hapo.

Kilo 6 na nusu nazo si unyoya. Ila ni mzigo ambao mtu mwenye mapezi mazuri na miguu ya kazi anaweza kuanza kuupandisha, na kila mita anayopanda nguo inarudisha nguvu kidogo. Usiniamini kwa maneno. Nenda kwenye mchanga wa mita 8, mitungi ikiwa imejaa, mwenzako pembeni, toa hewa yote kwenye bawa, kisha jaribu kupanda hadi mita 3 kwa mapezi peke yake, polepole. Ukishindwa, seti hiyo ni nzito kwako hata kama bawa lake ni la kifalme.

Mimi nilijifunza hili vibaya. Nilikuwa na mitungi ya chuma, nguo ya milimita 3, kwenye ukuta wa magharibi ya Pemba, mita 34. Nilibonyeza kujaza hewa, nikasikia mapovu nyuma ya sikio la kushoto badala ya kusikia mfuko ukituna. Ule mpira wa mikunjo unaotoka kwenye infleta (kidude chenye kitufe cha kujaza hewa) hushikwa kwenye kiwiko cha bawa kwa kifungo kidogo cha plastiki; kifungo kilikuwa kimekauka kwa jua, kikakatika. Mpira ulichomoka, na hewa yote iliyokuwa ndani ikatoka kwa tundu la juu kabisa. Nilipiga mapezi mpaka mapaja yakawaka na kipimo kikasoma 36, kisha 37. Kilichoniokoa ni boya la ishara: nililijaza, likapanda na kamba, nikaning'inia kwenye rili ya ile kamba kama ndoo kisimani hadi mwenzangu akanifikia. Kifungo cha senti chache.

Na hapa ndipo Pegasus na Pemba zinapotofautiana. Ile manowari ya Waingereza iliyozamishwa na Königsberg tarehe 20 Septemba 1914 imelala kwenye mita 40 hivi mbele ya bandari ya Unguja, juu ya sakafu. Bawa likikufa pale, utakaa chini, utahema, utafikiri. Ukuta wa Pemba hauna sakafu ya kukupokea. Mkondo wa Pemba, ile bahari kati ya kisiwa na bara, una kina cha mamia ya mita. Seti ambayo ingekusamehe Pegasus haitakusamehe Pemba, kwa hiyo ichague kwa ajili ya Pemba.

Sasa bawa lenyewe. Mahitaji yako ya juu kabisa, kwa mitungi ya alumini, ni kilo 7 na nusu, pale seti inapoelea peke yake juu ya maji umeivua. Weka nafasi ya ziada kwa mtungi wa pembeni siku utakapofika huko, na kwa kichwa chako kukaa juu ya mawimbi unaposubiri boti. Bawa la kilo 18 hadi 20 linakutosha na kubaki. Liwe limetengenezwa kwa mitungi pacha, yaani pana katikati. Bawa jembamba la mtungi mmoja likiwekwa hapo hubanwa kati ya mitungi na bamba, likashindwa kutuna. Umbo la duara kamili nalipenda kuliko lile la kwato ya farasi, maana hewa inapita chini kutoka upande mmoja hadi mwingine bila wewe kuinuka. Lakini ukipata la kwato lililo zima, usilale macho kwa hilo.

Bawa la kilo 45 ni jambo jingine. Utakuwa unatumia kilo 7 za kitambaa cha kilo 45. Kilichobaki kinapepea kama tanga lililolegea, hewa inajificha kwenye mikunjo, na unapotaka kuitoa haitoki mpaka ujigeuze geuze. Ndiyo maana watengenezaji wa mabawa makubwa hivyo waliyafunga kwa kamba za mpira, kitambaa kisipepee. Kamba zinaleta matatizo yake. Zinabana hewa isivyo sawa. Ukilazimika kulijaza kwa mdomo unapigana nazo kila pumzi. Na mfuko ukitoboka zinaukamua, hewa inatoka haraka kuliko ambavyo ingetoka kwenye bawa lililo wazi.

Mifuko miwili ndani ya ganda moja ninaizungumzia kwa upole zaidi kuliko rafiki zangu wengi. Wapo wanaoicheka. Mimi nasema hivi: kwa mtu wa nguo nyembamba, kwenye ukuta usio na sakafu, kuwa na njia ya pili ya kuelea ni akili. Ila mfuko wa pili usitumike kuhalalisha mzigo ambao haukupaswa kuwepo. Kama seti unaweza kuipandisha kwa mapezi na boya lako liko mfukoni, mfuko wa pili unaongeza infleta ya pili, mpira wa pili na kitu cha pili cha kuvuja. Na hiyo infleta ya pili ikiwa imeunganishwa, vali yake ikianza kupitisha hewa kidogo kidogo, utatoa hewa kwenye mfuko wa kwanza na bado utakuwa unapanda, hujui kwa nini. Nimeona mtu mzoefu akitoka mita 18 hadi juu kwa namna hiyo, mkono wake umebana kitufe kisichohusika. Ukiamua kuitumia, mfuko wa kwanza ulishwe na koki ya kulia, wa pili na koki ya kushoto, na uzoee kugusa vyote viwili kila unapopanda. Kwa mfuko mmoja sheria ni ileile: infleta ya bawa inatoka kulia, pamoja na regyuleta yako kuu. Koki ya kushoto ndiyo inayojifunga yenyewe ukiisugua kwenye dari ya chumba cha meli, na hutaki kupoteza bawa kwa sababu umepita chini ya chuma.

Bamba la mgeni wako chukua. Hilo halina ubishi, kama amekubali kuuza vipande kimoja kimoja. Bamba ni kipande cha chuma chenye matundu. Wapiga mbizi wa mapango ya Florida walilianzisha mwishoni mwa miaka ya 1970 na tangu hapo halijapata sababu ya kubadilika. Angalia tu kwamba matundu mawili ya bolti yako umbali wa sentimita 28, katikati hadi katikati, ndicho kipimo cha bendi zote. Niliwahi kumpa fundi wa Mombasa karatasi yenye mchoro anikatie bamba kutoka kwa chuma cha pua cha milimita 3. Alinitolea kitu kinachong'aa kama sinia la harusi, kingo zimesuguliwa, hata kidole hakichuniki. Matundu yalikuwa sentimita 27. Tulitoboa upya, na sasa bamba langu lina macho manne. Kama unatengenezesha, mpelekee bendi zenyewe na uombe chuma cha daraja la 316. La 304 huanza kutoa madoa ya kutu ndani ya msimu mmoja wa maji yetu.

Mkanda wake uwe utepe mmoja mrefu wa sentimita 5 usio na sponji, na ule wa kupita kati ya miguu usiuache, maana bila huo seti yote hupanda shingoni. Uulegeze kiasi cha kuweza kufika koki zote tatu kwa mkono wako mwenyewe. Kama huzifikii, usinyooshe mkono mpaka uvunjike bega: shusha bendi kwenye mitungi, mitungi itapanda.

Ukipata bawa la mitumba, lijaze jioni mpaka vali ya usalama iteme, liache kivulini, uliguse asubuhi. Likiwa limelegea, lizamishe kwenye pipa utafute povu. Mahali pa kutazama kwanza ni pale kitambaa kinapokaa kati ya ukingo wa bamba na mtungi, hapo mfuko hubanwa na kutoboka. Halafu kiwiko cha juu na kile kifungo cha plastiki nilichokusimulia. Nusa ndani. Kukiwa na harufu ya dagaa, mwenyewe hakuwahi kulisuuza kwa maji baridi, na chumvi iliyoganda ndani ni kama msasa.

Neno moja kuhusu mgongo wako. Mitungi miwili ya alumini iliyojaa, pamoja na bamba na manifoldi, inakaribia kilo 42 nchi kavu. Maji yakiwa yamekupwa, boti ikikaa mbali utatembea nayo juu ya mwamba, kisha mwisho wa mzamio upande ngazi ya boti inayoyumba. Nawajua vijana wenye nguvu waliokata tamaa baada ya wiki mbili, wakahamia kuvaa mitungi pembeni, mmoja kila ubavu. Mitungi ni ileile ya kituo, huhitaji manifoldi wala bendi, na unampa nahodha mtungi mmoja mmoja kabla hujapanda. Alumini ikikaribia kwisha huinua mkia na inabidi uisogeze klipu yake, lakini hilo ni la kuzoea. Kama kituo chako kina mwalimu wa namna hiyo, zungumza naye kabla hujanunua chochote. Kwa vyovyote, usiende Pegasus na mitungi pacha kabla ya kusimamiwa na mwalimu ukifunga na kufungua koki zako majini mpaka mikono ijue yenyewe.

Kwa hiyo kwa mgeni wako: chukua bamba, manifoldi na bendi, ukihakikisha kwanza kwamba bendi zinaingia kwenye mitungi ya alumini, kwa sababu kipenyo hutofautiana, mingi ya lita 11.1 ina milimita 184, na ya chuma ya lita 12 huja kwa vipenyo zaidi ya kimoja. Bawa mwachie. Mitungi ya chuma, kama bei yake ni nzuri na tarehe ya kupimwa kwa presha iliyogongwa shingoni haijapita, inunue na uitenganishe. Mtungi mmoja wa chuma wa lita 12, bamba la alumini na nguo ya milimita 5 ni seti tamu sana kwa kazi yako ya kila siku ya kutembeza wageni Mnemba, na utaacha kilo tatu au nne za risasi kwenye sanduku la boti.